Ulimbo wa Misindano na Simu ya Upepo

Fundi Kajiru tulimzika Jumamosi. Jumapili baada ya ibada nilimwomba mjane wake, Mama Tumsifu, funguo za karakana, naye akanipa bila kuuliza nilikuwa natafuta nini. Afadhali hakuuliza, maana sikujua. Chumba kiko pale pale Same mjini, hatua chache kutoka barabara kuu, ila nusu ya mbele sasa amepangishwa dada anayeuza makava ya simu, na nusu ya nyuma imebaki na meza ile ile ya mbao nene yenye madoa meusi ya kuungua. Nilikaa kwenye kigoda, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Nimeshapita miaka hamsini, nafundisha ufundi wa redio na vifaa vya umeme chuoni, na wanafunzi wangu husema mimi ni mtu wa subira. Lakini ndani ya chumba kile miguu yangu bado inataka kuondoka. Ndivyo nilivyokuwa muda wote niliofanya kazi pale. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, na nilichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja tu, barua.

Arusha kulikuwa na karakana kubwa iliyotengeneza redio za magari ya watalii. Mwenye karakana alikuwa amemwambia Kajiru kwamba atachukua fundi mmoja kutoka kwake bila kumfanyia mtihani wowote, mradi Kajiru mwenyewe aandike barua ya kumdhamini. Kwa hiyo nilifanya kazi huku sikio moja likiwa barabarani. Kila basi la Arusha lililopita nililijua kwa honi. Nilikuwa nashika waya kwa mkono mmoja na kuhesabu kwa mwingine, miezi sita imebaki, mitano imebaki, kana kwamba nimefungwa. Kajiru aliliona hilo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na desturi ya kukuacha ukosee jambo dogo ili usikosee kubwa. "Nae," aliniambia siku moja, jina langu kamili likiwa Naetwe, "hiyo redio haiendi Arusha. Inakwenda Kihurio. Ishike kama ya Kihurio."

Ukuta wa karakana yetu ulikuwa wa mbao tupu, na upande wa pili alikuwa Athumani, fundi bati, aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge akaishia kutengeneza ndoo, karai na koroboi. Siku nzima tulisikia nyundo yake na maneno yake. Wateja wake waliongea kana kwamba ukuta ule ni wa mawe, kwa hiyo nilijua nani amegombana na mkwewe na nani anataka mfereji wa bati bila kuulipia. Saa saba Mama Tumsifu alileta makande kwenye bakuli kubwa la bluu, yameiva kwa magadi mpaka ngozi ya mahindi imelegea, na Athumani alizunguka mlangoni akiwa na kijiko chake mwenyewe. "Wapare mkikaribisha mtu mnasema mara moja tu," alikuwa akisema, "kwa hiyo mimi huja kabla hamjasema." Mama Tumsifu alimjibu kwamba Mnyamwezi hana haja ya kukaribishwa, harufu inamtosha. Tulikula wanne kwenye bakuli moja, redio tatu zisizo na kasha zikiongea nyuma yetu kila moja lugha yake.

Sasa nieleze ulimbo, kwa sababu bila kuuelewa hutaelewa nilichofanya. Milimani kuna mashamba ya misindano, ile miti mirefu ya majani kama sindano ambayo wengine huiita mipaini. Mti huo ukikatwa tawi, kidonda chake hutoa utomvu mzito unaogandia kwenye gome, mweupe juu na wa njano ndani. Huo ndio ulimbo mbichi. Una maji ndani yake, una takataka, na una mafuta makali yanayonuka kama dawa ya kung'arisha sakafu. Ukiupika taratibu, mafuta na maji vinatoka kwa mvuke, na kinachobaki kikipoa kinakuwa kama kioo cha rangi ya asali. Huo ndio ulimbo mkavu, na kwa fundi redio ni sawa na chumvi kwa mpishi. Shaba, hata ikiwa inang'aa machoni, ina ngozi nyembamba ya kutu, na risasi ya kulehemu haishiki juu ya ngozi hiyo. Ulimbo ukipata moto unayeyuka, unaiondoa ngozi, unaifunika shaba hewa isiirudie, na risasi inapita chini yake inakamata. Ukipoa unalala. Hauli kitu tena. Wanafunzi wangu leo wanaununua kwenye kikopo kidogo na wengi hawajui kwamba ulitoka kwenye mti. Huwa nawaambia wanuse kwanza.

Kajiru aliupika mwenyewe, kwa matumizi yake na ya nusu ya wilaya. Wakulima walikuja wamebeba mundu uliotoka mpini, naye alichanganya ulimbo na majivu, akaumimina ukiwa wa moto kwenye tundu la mpini, akasukuma chuma ndani, nacho hakitoki tena. Mzee mmoja aliyekuwa akibebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, alichukua wa kuchanganya na nta ya nyuki, afunike jeraha la mche maji ya mvua yasiingie. Na mwanamke wa mashine ya kusaga alikuja kila masika.

"Fundi, mkanda unateleza tena. Mahindi ya watu yako foleni tangu asubuhi."

"Umepaka mafuta?"

"Nani apake mafuta mkanda?"

"Mwaka jana ulipaka."

"Mwaka jana nilikuwa mgeni kwenye mashine, usinikumbushe."

Kajiru alimpa kipande, akamwambia akiponde na kunyunyiza kidogo mashine ikiwa imezimwa, kwa sababu akizidisha mkanda utashika mpaka ukatike. Mwanamke yule alipokuwa akiondoka mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni kuangalia basi.

Mwezi wa tatu Kajiru aliitwa Kihurio kufunga umeme wa mashine ya kukoboa mpunga, kazi ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka alinionyesha debe la ulimbo mbichi, la mwisho mpaka kiangazi, na akanieleza jinsi ya kuupika ingawa nilikwisha kumwona akifanya mara nyingi. Karai la mchanga juu ya makaa machache, sufuria juu ya mchanga, si juu ya moto. Nje, mbali na ukuta. Kifuniko mkononi. "Na usiondoke," alisema. "Kazi yenyewe ni hiyo, kutoondoka." Niliianza siku ya pili asubuhi. Siku hiyo rafiki yangu wa shule alikuwa anapita na basi la saa nne kwenda Arusha, nami nilitaka nimwone hata kwa dirishani, nimuulize mji ukoje. Saa tatu na nusu ulimbo ulikuwa bado unatoa povu dogo dogo kama uji usiotaka kuchemka. Nikaondoa karai la mchanga, nikaweka sufuria kwenye makaa moja kwa moja. Dakika chache tu, nikasema moyoni. Ulipanda kama maziwa, ukamwagika, na moto ukasimama juu ya sufuria kimo cha mtu. Athumani ndiye aliyetoka mbio na gunia bichi akaufunika. Alipoliondoa, ndani ya sufuria kulikuwa na kitu cheusi kama lami. Tulikitazama wote wawili. "Mimi sijaona," akasema, akarudi kwenye ndoo zake. Nilikizika nyuma ya choo. Rafiki yangu alipita bila kuniona.

Siku ya tisa alikuja Sista Nakijwa. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja juu ya Maore, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, na alikuwa amebeba kwenye kanga, kama mtoto, simu ya upepo ya zahanati. Wakati huo minara ya simu za mkononi ilikuwa haijafika milimani. Simu ya upepo, ile ya kubonyeza ukisema na kuachia ukisikiliza, ndiyo iliyoita gari la hospitali mama akizidiwa. Tatizo lilikuwa dogo, waya mnene wa kuingiza umeme ulikuwa umeachia kwenye maungio yake. "Nisaidie, mwanangu," alisema. "Gari la kurudi linaondoka saa nane, na huko juu nimeacha akina mama sita waliokaribia kujifungua." Ningeweza kumwambia ulimbo umekwisha kwa sababu niliuunguza. Lakini yeye na Kajiru walisali kanisa moja wakati wa sikukuu, na habari ingemfikia, na barua isingeandikwa. Nikamwambia akae, anywe chai ya tangawizi. Nikazunguka ukuta.

"Karibu, fundi wa sauti," Athumani alisema. "Leo umekuja kwa mtu wa ndoo?"

"Nipe tone la dawa ya bati, kaka Athumani."

"Kajiru anajua?"

"Anajua."

Alinitazama kidogo. Dawa ya bati ni asidi, ameitilia vipande vya ganda la betri za tochi mpaka imeacha kuchemka, na kwa bati hakuna kitu kizuri kama hicho. "Wapare, mkiomba tone mnakuja na kikombe," alisema akinimiminia kwenye kizibo. "Lakini hii ni ya ndoo, dada. Ndoo mimi naiosha kwa maji mengi. Wewe redio utaiosha na nini?" Nilikuwa nimeshaondoka na kizibo changu. Nilipaka kwa unyoya wa kuku, nikaweka chuma cha moto, na risasi ilikimbia kwenye shaba kama maji. Sikuwahi kuona maungio mazuri namna ile. Nikafuta kwa kitambaa kibichi. Sista Nakijwa alibonyeza, taa ikawaka, akanishika mikono yote miwili. Saa nane kasoro akaondoka.

Kajiru aliporudi nilimwambia ulimbo ulikuwa mbaya, haukutoa kitu. Alisema, "Basi," akaagiza kidogo kutoka kwa rafiki yake wa mjini Moshi. Hakuna aliyeuliza zaidi, na ndipo nilipojifunza kwamba kutoulizwa kunachosha kuliko kuulizwa. Nilianza kufanya kazi haraka zaidi. Nilifagia mara mbili kwa siku. Usiku sikuwa na tatizo, nililala, lakini mchana sikuweza kukaa mbele ya bakuli la makande mpaka mwisho. Mama Tumsifu alidhani ni mapenzi. Mwezi wa sita Kajiru aliandika barua, mezani pale, kwa kalamu ya bluu, herufi zake kubwa zikilala upande mmoja. Alinipa niisome. Ilisema kwamba ninaaminika nikiachwa peke yangu. Niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa sketi. Safari yangu ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi ya wiki hiyo mfugaji mmoja kutoka Kisiwani alileta redio yake ya kaseti iliyokuwa imetengenezwa na mtu mwingine. Kajiru aliifungua, akaniita. Kila maungio yalikuwa yameota unga wa kijani, na waya ulipoguswa kwa kucha ulivunjika kama ubua mkavu.

"Hii imelehemiwa na mtu wa ndoo," alisema. "Asidi hailali. Ukiondoka yenyewe inaendelea kula."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka ikatike. Hapa chini kwenye ukavu, miezi minne, mitano. Kwenye ukungu wa mlimani, pungufu." Alipuliza ule unga. "Aliyefanya hivi si mtu mbaya. Alikuwa na haraka."

Mwezi wa tatu mpaka wa sita. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu, kama nilivyozoea kuhesabu mabasi. Siku ile sikumwambia. Ukweli ni kwamba nilifikiri Jumatatu iko karibu, na nikishafika Arusha itakuwa habari ya watu wengine. Nilifikiri hivyo mchana wote na asubuhi yote ya Ijumaa, nikitoka na kuingia, mpaka Kajiru akanituma dukani mara mbili kununua vitu tulivyokuwa navyo, nadhani ili apumzike kuniona.

Ijumaa wakati wa kula Mama Tumsifu aliniambia, "Kula basi. Arusha watadhani tulikunyima." Nikaweka kijiko chini. Nikawaeleza yote, ulimbo, moto, tone, simu ya upepo. Athumani aliinama akawa anatafuta kitu kwenye kiatu chake. Kajiru aliendelea kutafuna mpaka akameza.

"Ulizika wapi?"

"Nyuma ya choo."

"Na Athumani alijua."

"Mimi nilijua moto," Athumani alisema kwa sauti ndogo. "Dawa niliambiwa wewe unajua."

Nilitoa barua mfukoni nikaiweka mezani. Upepo wa barabarani ulikuwa unaingia, kwa hiyo Kajiru akaiwekea kopo la sukari juu, bila kuisoma wala kuichana. "Basi la Maore kesho ni saa moja asubuhi," alisema. "Goti langu halipandi tena mlima, utakwenda peke yako. Chukua kile chuma cha zamani cha kichwa cha shaba, cha kupasha kwenye makaa, maana kule hakuna umeme. Chukua risasi, msasa na kipande cha waya mpya. Ulimbo wa Moshi umebaki vumbi, lakini misindano iko huko huko kwa Sista. Ukifika usianze na simu. Anza na sufuria."

Nilipanda kutoka Maore jua likiwa linaanza kuchoma, nikapita migomba na mashamba ya tangawizi bila kupumzika, nikafika zahanati saa sita nimelowa. Sista Nakijwa alikuwa amesimama kwenye chumba cha simu, kipaza sauti mkononi. Sauti ya mtu wa hospitali ilikuwa inatoka wazi kabisa ikisema, zahanati, zahanati, bonyeza tena, hatukupati.

"Tangu alfajiri," aliniambia, hata salamu yangu hakuijibu. "Mimi nawasikia, wao hawanisikii. Nikibonyeza kusema, taa inazimika. Nimebadili betri mara mbili." Nilijua sababu kabla sijafungua. Simu ya upepo ikisikiliza inatumia umeme kidogo, ikisema inatumia mwingi, na waya ulioliwa hauwezi kupitisha mwingi. Nje, kwenye benchi la kivulini, alikuwa amelala mwanamke aliyeitwa Eliwaza, mimba ya tatu, miguu imevimba mpaka vifundo havionekani, mkono juu ya macho. "Presha," Sista alisema. "Kichwa kinamuuma tangu jana na sasa anaona giza giza. Sindano niliyonayo nimemchoma. Anahitaji gari. Leo ni siku ya gulio, wanaume wote wa kubeba machela wako chini."

Nilikimbia kwenye misindano nyuma ya shule ya jirani. Nilibandua ulimbo kwa kisu mpaka nikajaza kikombe. Na nikiri, nilirudi nikitaka kuutumia hivyo hivyo mbichi. Nilipasha chuma kwenye jiko la Sista, nikajaribu kwenye kipande cha waya: ulirusha matone, ukapasuka, risasi ikajiviringa kama umande kwenye jani, na nilipovuta waya ukaachia. Basi nikaomba sufuria mbovu, karai la mchanga na makaa. Nikaketi uani, upande ambao upepo ulipeleka moshi mbali na Eliwaza, kifuniko mkononi.

Sijui kama niliwahi kufanya jambo gumu kuliko kukaa pale. Povu lilipanda polepole, likashuka. Nilichuja takataka za gome kwa kitambaa, nikarudisha motoni. Ili kujua kama umeiva, unadondosha tone kwenye jiwe la baridi, unangoja, unalibonyeza. Likipinda, bado. Likivunjika kama kioo, tayari. Tone la kwanza lilipinda. Mikono yangu ilikuwa inataka kuondoa karai la mchanga, niliiona inataka, nikaikalia mmoja mmoja kwa zamu.

"Hiyo harufu," Eliwaza alisema kutoka benchini, "kama sakafu ya kanisa siku ya kipaimara."

Tone la pili lilipinda. Sista Nakijwa alitoka, akasimama juu yangu. "Mwanangu, hakuna njia ya haraka?"

"Ya haraka niliitumia mara ya kwanza, Sista," nilisema. "Ndiyo iliyoharibu simu. Nilitumia asidi ya ndoo kwa sababu ulimbo niliuunguza, na sikutaka Fundi ajue." Sikumtazama, nilitazama sufuria, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisiondoke.

Alichuchumaa kando yangu. "Siku ile kwenye gari," akasema, "nilikuombea njia nzima. Nilimwambia Mungu asante kwa binti yule." Kisha akarekebisha kanga yake. "Koroga. Hayo mengine baadaye." Akaenda kumpima Eliwaza tena, na nilisikia akihesabu chini chini.

Tone la tatu lilivunjika. Niliingia na kipande cha ulimbo juu ya kigae, na chuma nikakiacha makaani kipate moto. Nikakata waya mpaka nilipofika kwenye shaba nyekundu safi, nikakwangua kile kijani, na kwa kuwa asidi hufishwa na magadi, nikaomba magadi ya makande jikoni kwa Sista, nikayayeyusha kwenye maji, nikaosha mpaka yakaacha kutoa povu. Nikakausha. Nikachukua chuma makaani, nikagusa ulimbo, ukayeyuka kwa moshi mweupe mwembamba, risasi ikaingia, ikatulia. Nilihesabu kumi kabla ya kuvuta. Haukuachia. Sista alibonyeza. Taa ilibaki inawaka.

"Tunakupata, zahanati. Endelea."

Gari lilichukua zaidi ya saa mbili kupanda. Walipokuwa wanamsaidia Eliwaza kuingia, Sista aliniambia, "Mimi usiniombe msamaha. Muombe yeye." Nikaenda mlangoni mwa gari, nikaanza kumweleza habari ya waya na asidi, na yeye alikuwa amefumba macho. "Redio mimi siijui," alisema. "Panda. Nishike kichwa, njia ina mawe." Nikapanda. Nilimshika kichwa mapajani kwangu kona zote za mlima, na kila gari liliporuka nilikaza mikono, na hakuna kitu kingine nilichofikiria, wala basi la Jumatatu. Lilipita bila mimi. Arusha nilikwenda mwaka uliofuata kwa barua nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza. Haikusema kwamba ninaaminika nikiachwa peke yangu. Ilisema kwamba nikikosea ninasema. Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, na ningekuwa na karakana yangu ningechagua mwenye barua ile ya pili. Nawaambia hivyo wanafunzi wangu wanapoficha maungio mabaya chini ya risasi nyingi: lete tuone, tutayafungua pamoja, hakuna aliyezaliwa anajua.

Hospitali walimpeleka Eliwaza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Nilibaki kwenye ukumbi nikitembea kutoka dirisha hadi mlango, mlango hadi dirisha, mpaka mama mmoja mgonjwa akaniambia nimemchosha macho. Jua lilikuwa limefika kwenye milima wakati nesi alipotoka na kuniambia. Muda mfupi baadaye mtu wa chumba cha simu akachungulia.

"Nani hapa anaitwa Naetwe? Zahanati wanaita."

Niliingia. Alinionyesha pa kubonyeza kana kwamba sijui.

"Sista, amejifungua," nilisema. "Mtoto wa kike. Wote wawili wazima."

Nikaachia. Upepo ulivuma kwenye spika.

"Rudia," ilisema sauti ya Sista Nakijwa.

Nikarudia.

"Nilisikia mara ya kwanza," alisema. "Naangalia tu kama taa yangu itazimika nikisema maneno mengi, ndiyo maana naongea hivi, naongea, naongea. Haizimiki. Haya, sasa nieleze tangu mlipofika, presha ilikuwa ngapi, mtoto kilo ngapi, nani amempasua. Na usikimbie."

Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumweleza.